Si kila simu ya Android inakubali mfumo mwingine

Kwenye meza za mafundi simu pale Mwanga, Kigoma, kuna imani ya miaka mingi: Android ni mfumo huria, kwa hiyo fundi anayeshindwa kuiwekea simu mfumo mwingine hajui kazi.

Nusu yake ni kweli. Kiini cha Android ni Linux, na msimbo wake uko wazi. Lakini ukiwasha simu, kabla Android yenyewe haijaamka, hutangulia butiloda, programu ndogo inayokagua saini ya kidijitali ya mfumo. Ikiwa imefungwa, mfumo usio na saini ya kiwanda haupiti. Ni askari wa getini: hajali ujuzi wako, anataka kitambulisho. Ruhusa anayo mtengenezaji. Google huruhusu simu zake nyingi za Pixel zifunguliwe. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia butiloda mwaka 2018.

Hata ikifunguka, bado. Mfumo kama LineageOS, uliojengwa juu ya msimbo huo wazi wa Android, huandaliwa kwa kila modeli, maana kamera, modemu na chipu hutofautiana. Faili la modeli nyingine, hata majina yakikaribiana, laweza kuiua simu kabisa. Tena kufungua butiloda hufuta picha na kila kilichohifadhiwa ndani ya simu, jambo ambalo mteja angepaswa kuambiwa kabla hajaiacha simu mezani. Samsung nyingi zina fyuzi ya Knox, ulinzi wa ndani ya simu: mfumo usio rasmi ukiwekwa, hukatika, na ikishakatika hairudi.

Kuflashi, yaani kuweka upya, programu ileile ya kiwanda, kazi ya kila siku ya mafundi wetu, ni jambo jingine. Hiyo tayari ina saini.