Tatizo la Uhalisia Pepe Liko Sikioni, Si Kwenye Kioo

Nimeisoma tena kauli ya wapenzi wa miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayokuweka ndani ya dunia ya gemu: "Vioo vikifika 8K (upana wa pikseli, yaani vidoti vya picha, kama 8,000), tutacheza kama wale wa Ready Player One." Hapana. Kioo kiwe na ubora wowote unaoutaka. Ukisukuma kijiti cha pedi mbele huku mwili umesimama palepale, tumbo litachafuka vilevile. Filamu ile ya 2018 inaonyesha kijana aliyevaa miwani, kapanda mkanda wa kukimbilia ndani ya gari kuukuu, anakimbia, anakata kona, anavua miwani akiwa mzima. Watazamaji wengi wametoka na imani kwamba kinachotutenganisha na pale ni picha tu. Imani hiyo inawapoteza hata watengenezaji gemu, ndiyo maana naijibu kwa kirefu.

Picha nitaimaliza haraka, maana inaelekea kumalizika yenyewe. Jicho lenye uoni wa kawaida linahitaji takriban pikseli 60 kwa kila digrii moja ili lisione tena miraba midogo midogo. Miwani aina ya Oculus Rift na HTC Vive za 2016 zilikuwa na pikseli 1080 kwa 1200 kwa kila jicho, zikitandazwa kwenye upana wa karibu digrii 100. Gawanya mwenyewe: kumi na kidogo kwa kila digrii. Miwani ya sasa imeshavuka 20, na iliyo ghali zaidi imevuka 30. Safari imebaki, lakini njia inajulikana.

Sasa kinachoniudhi. Watu huchanganya vichefuchefu viwili tofauti kabisa, kisha wakatumia dawa ya kimoja kutibu kingine.

Cha kwanza hutokea kichwa kinapogeuka na picha ikachelewa kukifuata. Kihisi kinasoma mwendo wa kichwa, programu inakokotoa, kadi ya picha inachora, kioo kinawaka. Mnyororo huo wote unatakiwa uishe ndani ya milisekunde 20 hivi. Kwa kioo cha hezi 90, yaani kinachoonyesha picha 90 kwa sekunde, fremu moja (picha moja kati ya hizo) ina milisekunde 11.1 tu. Wahandisi wamelishughulikia hili kwa ustadi mkubwa: giroskopu, kihisi cha kugeuka, husomwa takriban mara 1000 kwa sekunde, na fremu iliyokwisha kuchorwa husogezwa dakika ya mwisho ilingane na pale kichwa kilipo sasa. Usogezaji huo unafaa sana kwa kugeuka, haufai sana kwa kusogea, kwa sababu ukiinama kando ya nguzo, kilichokuwa kimefichwa nyuma yake hakikuchorwa, na kingo za vitu vya karibu huanza kuyumba kama ziko majini. Ukiona gemu lako linadondosha fremu, punguza vivuli, punguza ubora wa picha, ondoa maakisi. Kiwango cha fremu usikiguse. Kichefuchefu hiki cha kwanza, kwa kiasi kikubwa, tumekishinda.

Cha pili hutokea picha inaposafiri na mwili ukabaki. Hapa hakuna ucheleweshaji wa kupunguza. Kila fremu inafika kwa wakati, kila pikseli iko mahali pake, na bado mchezaji anatokwa na jasho baridi. Tena, uwanja wa kuona ukipanuka hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mwendo unaopita pembeni mwa macho ndio unaoushawishi ubongo kwamba tunasafiri. Yaani kifaa bora kinaweza kukuchafua zaidi kuliko kibovu! Hili ndilo nisilochoka kulirudia, na ndilo lisilosikika.

Sababu iko sikioni. Ndani yake mna mifereji mitatu ya nusu duara inayohisi kugeuka, na vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo vya kalsiamu juu ya utando laini, vinavyohisi mvutano wa dunia na mchapuko wa kwenda mbele, nyuma, juu au kando. Angalia neno mchapuko, yaani kubadilika kwa kasi. Sikio halipimi kasi. Ukiwa ndani ya ndege iliyotulia angani, sikio halina la kusema. Linazungumza ndege inapoanza kushika kasi, inapopinda na inapofunga breki. Kutoka hapo kanuni zote za mwendo ndani ya gemu zinajipanga zenyewe. Anza mwendo ghafla kwa kasi kamili na usimamishe ghafla. Usipandishe kasi polepole kama ilivyo desturi ya gemu za televisheni, maana kila sehemu ya sekunde ya kupandisha ni sehemu ya sekunde ambayo jicho linadai mchapuko na sikio linaukana. Mgeuze mchezaji kwa kuruka digrii 30 au 45 papo hapo, usimzungushe taratibu. Tia kiza pembezoni mwa picha wakati wa mwendo tu, kisha ukiondoe. Mpe kitu kisichosogea karibu naye, kama kibanda cha rubani. Usiinamishe upeo wa macho kwa sababu yoyote ile, hata ya kisanii. Na ukiweza, mruhusu achague sehemu na kufika hapo mara moja bila safari ya katikati.

"Basi mkanda wa kukimbilia unatatua," wanasema, "miguu si inakimbia kweli?" Miguu ndiyo. Mwili, hapana. Anayeanza mbio kutoka kusimama akafikia mita 3 kwa sekunde ndani ya sekunde moja anapata mchapuko wa karibu theluthi moja ya ule wa mvutano wa dunia. Vile vijiwe vinausikia waziwazi. Mkanda kazi yake ni kumbakiza katikati, kwa hiyo unaufuta msukumo uleule ambao sikio lilikuwa likiusubiri. Unaweza kumwachia asonge mbele kwanza, kisha umrudishe polepole asihisi, lakini hiyo sekunde moja imekwisha kula mita 1.5, na kumrudisha bila kuhisi kunataka nafasi zaidi. Ndani ya gari la yule kijana wa filamu haienei. Halafu akisimama ghafla, mkanda mzito una mwendo wake. Usipowahi kusimama naye, unamwangusha. Ndiyo maana vifaa vingi vinavyouzwa vimeuacha mkanda na kutumia sahani laini yenye mbonyeo, viatu vinavyoteleza na pete ya kumshika kiunoni. Hapo hujatembea. Umeegemea pete na kusugua sakafu.

Kuna pia, katika filamu ileile, zile picha za watu wanaopigana barabarani wakiwa wamefunikwa macho kwa miwani. Ipo mbinu halisi iliyo karibu na hilo: dunia ya gemu inazungushwa kidogo kidogo, mchezaji akijirekebisha bila kujua, anadhani anakwenda moja kwa moja kumbe anazunguka. Majaribio ya mtafiti Steinicke na wenzake yaliyochapishwa 2010 yalikuta kwamba duara hilo linahitaji nusu kipenyo cha mita 22 hivi ili asigundue. Ni uwanja mtupu wenye upana wa mita 44 kwa mtu mmoja.

Wanaokata tamaa na miguu hukimbilia waya wa mwilini. Katika filamu ya eXistenZ ya 1999 tundu la kuchomekea gemu liko sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Naipenda filamu hiyo kwa dhati, lakini tundu limewekwa mahali pasipowezekana. Mguso na amri za viungo hupita kwenye ugwe wa mgongo. Uoni, usikivu na mizani havipiti huko. Vinaingia kwa neva za kichwani moja kwa moja, na neva ya jicho moja tu ina nyuzi zipatazo milioni moja. Kiunoni hakuna picha ya kuidukua. Karibu zaidi na ukweli ni kupitisha umeme hafifu, wa miliampia moja au mbili, kwenye mifupa iliyo nyuma ya masikio. Mtu huhisi anaegemea upande mmoja, kweli kabisa. Ila umeme huo unaigusa neva ya mizani yote kwa pamoja, hauchagui mfereji, kwa hiyo unapata kuyumba, hupati kukimbia mbele.

Na nadharia yenyewe ninayoitegemea hapa ina mapengo. Kwamba jicho na sikio vikigombana ndipo tumbo huchafuka, ushahidi wake mkubwa ni kwamba watu ambao sikio lao la ndani limekufa pande zote mbili hawapati kichefuchefu cha safari. Lakini nadharia hiyo haielezi kwa nini wawili wa umri mmoja, gemu moja, mmoja anatapika dakika ya tano na mwingine anacheza saa mbili. Mtafiti Treisman alipendekeza 1977 kwamba ubongo huuchukulia mgongano huo kama dalili ya sumu. Ni maelezo mazuri na magumu kuyapima. Watafiti wengine, Riccio na Stoffregen, 1991, waliona tatizo ni mwili kushindwa kudumisha mkao wake. Mimi naitumia nadharia ya mgongano kwa sababu inanisaidia kusanifu, sioni kwamba imefunga mjadala.

Kuzoea kupo, ila si kwa ubishi. Vipindi vifupi, siku mbalimbali, na uvue miwani mara tu mate yanapojaa au miayo inapoanza. Ukilazimisha, unaufundisha mwili kuichukia miwani.

Ukiletewa kifaa kipya kinachodaiwa kufikisha watu kwenye filamu, acha kuuliza pikseli. Omba gemu lenye mbio: uanze kutoka kusimama, ukate kona ya digrii 90, usimame ghafla, urudie hivyo kwa dakika kumi. Onyesho la dakika mbili ukiwa umekaa ukitazama nyangumi akipita halijapima chochote.