Eti wahamiaji wa zamani Marekani waliyeyuka fasta?

Kuna hii kauli watu wanaipenda sana, kwamba wahamiaji wa zamani Marekani walifika, wakajifunza Kiingereza chapchap, wakawa Wamarekani, ila hawa wa siku hizi ndo wakaidi. Si kweli bana.

Chukua Wajerumani. Mwaka 1751 Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alishalalamika kwamba Wajerumani wa Pennsylvania wataigeuza koloni iwe ya Kijerumani, na hao ni wazungu wenzake! Karne nzima baadaye bado walikuwa na magazeti yao, makanisa yao, na kule mji wa Cincinnati toka 1840 shule za serikali zilikuwa zinafundisha kwa Kijerumani na Kiingereza pamoja, wala nchi haikuvunjika kwa hilo.

Kilichokuja kuwabana ni Vita ya Kwanza ya Dunia, Marekani ilipopigana na Ujerumani, sio hiari. 1918 gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni hadharani, mpaka kwenye simu, yani unaongea na mamako kwa simu kwa Kijerumani ni kosa. Jimbo la Nebraska nalo likatunga sheria kama hiyo kwa shule 1919, mwalimu Robert Meyer akapigwa faini ya dola 25 kisa kamfundisha mtoto wa miaka 10 kusoma Kijerumani, ikabidi kesi ifike Mahakama Kuu ya Marekani ndo akashinda, 1923.

Kwa kawaida kinachobadilisha lugha ni vizazi: mzazi anahangaika nayo, mtoto anaongea zote mbili, mjukuu anabaki na Kiingereza tu. Na hata wahamiaji wa leo wanaenda hivyohivyo.