Magnum ni nini, na kwa nini zile adimu zinataka kufikiriwa mara mbili

Chukua risasi ya bunduki kubwa ya kuwindia, igeuze uangalie kitako chake. Kuzunguka kile kiduara cha katikati kinachogongwa na pini utasoma jina la kiwanda, kisha tarakimu, na mara nyingi neno MAGNUM au kifupi chake, MAG. Wengi wakiliona hudhani ni kipimo, kama kilo au lita. Si kipimo. Hakuna sheria inayosema kwamba ganda la shaba la risasi likishafikisha baruti kiasi fulani, basi limekuwa magnum.

Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake ni "kubwa". Kwenye mvinyo, chupa ya magnum hubeba lita 1.5, sawa na chupa mbili za kawaida. Watengenezaji wa bunduki wa Uingereza walianza kulitumia katika karne ya 19, na ukiifikiria ile chupa utawaelewa haraka: mdomo ni ule ule, tumbo ndilo limekuwa kubwa. Magnum ni ganda linalobeba baruti nyingi kuliko ganda la kawaida la mtutu wenye kipenyo kile kile. Kwa hiyo ukiambiwa bunduki fulani ni magnum, uliza kwanza: kubwa kuliko ipi?

Tuchukue mfano. Risasi ya .30-06 ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1906 (.30 ni kipenyo kwa inchi, kwa kukadiria; 06 ni huo mwaka). Risasi ya .300 Winchester Magnum ilitoka mwaka 1963. Zote mbili hurusha kichwa, yaani kile kipande kinachoruka kutoka kwenye ganda, chenye kipenyo kimoja, kama milimita 7.8. Ukiweka kichwa cha gramu 11.7, ya kwanza hukitoa kwa kasi ya takribani mita 820 kwa sekunde, ya pili takribani mita 900. Lakini ya kwanza hutumia baruti gramu tatu na nusu hivi, ya pili hukaribia gramu nne na nusu. Baruti imeongezeka kwa zaidi ya robo, kasi imeongezeka kwa sehemu moja ya kumi tu. Bega ndilo linalolipa tofauti hiyo, pamoja na masikio.

Kwenye uwanda mpana, kasi hiyo ina faida ya kweli: risasi haishuki haraka, na kukosea kukadiria umbali hakugharimu sana. Kwenye kichaka kizito, mnyama akiwa hatua 50 kutoka kwako, faida hiyo haionekani kabisa. Teke la bunduki lenyewe hubaki. Mtu aliyezoea kuumizwa na bunduki yake hufumba macho na kukaza bega kabla hajafyatua, na mnyama hupigwa tumboni badala ya moyoni. Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu mbogo aliyejeruhiwa vibaya huingia kichakani, na anayemfuata humo mara nyingi ni mfuatiliaji nyayo, ambaye hakuichagua bunduki hiyo.

Sasa rudi kwenye ile risasi mkononi. Kama ni .375 H&H Magnum, pitisha kucha juu kidogo ya kitako. Utahisi mkanda, ukingo wa shaba ulioinuka kidogo kulizunguka ganda. Watu wengi huamini mkanda huo upo ili kulipa ganda nguvu ya kuhimili shinikizo. Sivyo. Kampuni ya Holland & Holland ya London ilipoitoa .375 mwaka 1912, baruti iliyotumika ilikuwa kordaiti, vijiti virefu vyembamba kama tambi. Vijiti hivyo vilihitaji ganda refu, na ganda lililochongoka taratibu kutoka kitakoni hadi shingoni hutoka kwenye chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu linamokaa risasi, bila kung'ang'ania hata kwenye joto kali. Tatizo ni kwamba ganda la umbo hilo halina bega kali, yaani mahali linapobonyea ghafla kuelekea shingoni, la kulizuia lisizame mno ndani ya chemba. Ukiliwekea ukingo mpana kitakoni, litazuilika, lakini kwenye magazini ya bunduki ya bolti (ile inayokokiwa kwa mkono) kingo hukwamana. Mkanda ukawa suluhisho: unalizuia ganda mahali pake, na risasi zinateleza vizuri kutoka kwenye magazini.

Miaka mingi baadaye Wamarekani walilichukua ganda hilo la London, wakalifupisha, wakalipa bega kali, na mkanda wakauacha pale pale. Ndivyo zilivyozaliwa .338 Winchester Magnum mwaka 1958, 7mm Remington Magnum mwaka 1962, na ile .300 niliyoitaja. Kwenye risasi hizi mkanda hauna kazi ya lazima, kwa kuwa bega lingetosha. Ulibaki kwa sababu wanunuzi walishazoea kwamba magnum ni ile yenye mkanda. Leo zipo magnum zisizo nao, kama .300 Winchester Short Magnum ya mwaka 2001, na ipo .375 Ruger ya mwaka 2007, ambayo haina mkanda wala haijiiti magnum, lakini kwa nguvu iko sawa na .375 ya Holland & Holland au imeizidi kidogo.

Ukishalielewa hilo, kuchagua kati ya magnum zisizo za kawaida kunakuwa na sura nyingine. Mtu husimama dukani Marekani au Ulaya mbele ya bunduki nzuri ya mtumba: hii ni 8mm Remington Magnum, ile ni .358 Norma Magnum, ya tatu ni .340 Weatherby Magnum. Hufungua majedwali na kulinganisha kasi. Zote zinatosha kumwangusha paa mkubwa wa mlimani au dubu, na tofauti kati yao huyo mnyama hataihisi. Maoni yangu ni kwamba majedwali hayo yasomwe mwisho. Cha kwanza ni kujua ganda linatokana na lipi, mwili wa bunduki, pale bolti inapoenda na kurudi, unataka urefu gani, na vichwa vya kipenyo hicho vinapatikana kwa wingi kiasi gani.

Angalia kilichoipata 8mm Remington Magnum. Ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970, ikitumia ganda la urefu wote wa .375, hivyo ilihitaji bunduki yenye mwili mrefu. Mpinzani wake, .338 Winchester, iliingia kwenye mwili wa kawaida uliotengenezwa kwa .30-06. Tena Marekani haikuwa na mazoea ya vichwa vya milimita 8, vya .338 vilikuwa vingi zaidi na vizito zaidi. Hakuna aliyeweza kusema 8mm ni risasi mbaya, lakini haikuenea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ile ile ililipanua ganda lake shingoni, na likawa .416 Remington Magnum, risasi ya mbogo na tembo.

Nayo .416 hiyo ilikuja kuziba pengo. Tangu mwaka 1911 ilikuwapo .416 Rigby, ganda nono lisilo na mkanda, linalotoa nguvu zake kwa shinikizo la chini. Kordaiti ilipandisha shinikizo kwenye joto, na ganda linalofanya kazi kwa shinikizo la chini halikwami kwenye chemba saa saba mchana. Lakini viwanda vya Uingereza vilipoacha kutengeneza risasi nyingi za zamani, na uwindaji wenyewe ukapungua (Kenya iliufunga mwaka 1977), bunduki bora za Rigby zilibaki makabatini bila chakula. Risasi ya Rigby imerudi sokoni, ila kile kipindi hakipaswi kusahauliwa na anayenunua risasi adimu leo.

Kwa atakayewinda Tanzania, uhaba huu si jambo la kufikirika. Kitalu cha uwindaji kinaweza kuwa safari ya siku nzima kutoka dukani, na mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria kilo 5 tu za risasi. Mzigo ukichelewa uwanja wa ndege, .375 H&H ndiyo unayoweza kutegemea kuikuta kambini, nayo katika nchi nyingi za Afrika ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika kwa wanyama hatari. Mwenye .358 Norma atakaa na bunduki nzuri mapajani.

Hata hivyo zipo magnum adimu zenye mlango wa nyuma. Mfano ni .458 Lott. Jack Lott, Mmarekani, alijeruhiwa na mbogo Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458 Winchester Magnum, risasi ambayo ganda lake fupi lililazimu baruti ibanwe sana na kasi ikawa haiaminiki. Alichotengeneza baadaye ni ganda lile lile likiwa refu zaidi. Kwa hiyo bunduki ya .458 Lott hupokea salama risasi ya .458 Winchester, ambayo ni rahisi kuipata. Vivyo hivyo, bunduki ya .300 Weatherby hufyatua .300 H&H, na ya .375 Weatherby hufyatua .375 H&H, kwa kasi pungufu. Lakini jina lisikudanganye: .416 Rigby na .416 Remington hurusha kichwa cha kipenyo kimoja, na hazibadilishani kabisa. Ukiacha jozi chache kama hizo nilizozitaja, jina zima lililo kwenye kitako cha ganda lazima lifanane na maandishi kwenye mtutu, mpaka neno la mwisho.