"Nisabu nikusabu" na dhana nyingine zinazowakwamisha wasanii wa Kigoma

Ukiwa Kigoma na kazi yako ni kupandisha nyimbo za watu mtandaoni, sentensi moja utaisikia mpaka uichoke: "Wasanii wa huku hatusapotiani, ndiyo maana hatutoki." Anayeisema kwa kawaida yumo kwenye magrupu matatu ya WhatsApp ya wasanii, na linki zinamiminika humo kutwa nzima. Sapoti ipo tele. Shida ni sapoti ya aina gani. Nyingi ni ile ya "nisabu nikusabu": jiunge (sabskraibu) kwenye chaneli yangu, nami nijiunge kwenye yako.

Dhana: Tukijiunga wote kwenye chaneli za wenzetu, YouTube itaanza kutulipa.

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote. Ili ulipwe mapato ya matangazo unatakiwa uwe na sabskraiba 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au Shorts (video fupi za YouTube) zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Watu wameishika ile 1,000, saa wamezisahau. Haya, tupige hesabu. Wimbo wa dakika 4, wanagrupu 1,000 wautazame mpaka mwisho: ni dakika 4,000, yaani saa 66 na ushei. Zimebaki zaidi ya 3,900. Na nani anatazama mpaka mwisho? Mtu anafungua linki, anabonyeza, anapiga skrinshoti ya ushahidi, sekunde ya 20 ameshatoka. Kwa mwendo huo wa sekunde 20, saa 4,000 zinataka video itazamwe mara 720,000.

Hasara haiishii hapo. YouTube inaangalia waliooneshwa video wameifungua au wameipita, na waliofungua wamekaa muda gani. Msanii wa singeli aliyejaza chaneli yake wanakwaya na marapa wasiosikiliza singeli anajiharibia mwenyewe: wimbo mpya ukitoka, wale wanaupita, na mfumo unakosa sababu ya kuupeleka kwa wageni. Halafu kubadilishana sabskraiba kumekatazwa waziwazi kwenye kanuni za YouTube. Wanaweza kuwafuta hao sabskraiba, kuondoa video, hata kufunga chaneli. Kitu kimekatazwa, hakisaidii, na bado grupu jipya linafunguliwa.

Mnachopaswa kubadilishana ni mashabiki. Tafuta wenzako wawili au watatu, si arobaini, ambao wasikilizaji wao hawakujui lakini muziki wako wangeupenda. Kigoma tuna nafasi ambayo Dar hawana: Bujumbura ni jirani, Kiha na Kirundi vinasikilizana, na ng'ambo ya ziwa, Kalemie na Uvira, Kiswahili ni lugha ya mtaani. Msanii wa Ujiji anayeimba Kiha akishikana na mmoja wa Bujumbura amefikia masikio mapya kabisa. Kwenye grupu la wasanii, kila mtu amekuja kutafuta msikilizaji; hakuna aliyekuja kusikiliza.

Kazi yenyewe iko hivi. Kata sekunde 15 za kiitikio. Mwenzako arekodi video yake, kwa sura yake na mahali pake, akitumia sauti rasmi ya wimbo iliyomo ndani ya TikTok. Akiupiga kwenye spika na kurekodi kwa simu, TikTok inatengeneza sauti nyingine, na video za watu zinatawanyika badala ya kukusanyika kwenye wimbo mmoja. Kwa Instagram, wakati wa kuposti mwalike awe mshirika wa posti hiyo. Ni lazima aukubali mwaliko (wengi wanakwama hapa, wanadhani mwaliko umetosha), ndipo posti ionekane kwenye kurasa zote mbili na laiki zihesabiwe pamoja. Msiposti wote siku moja: mmoja siku wimbo unapotoka, mwingine siku ya tatu, mwingine baada ya wiki. Na video mtumiane WhatsApp kama dokumenti. Ukiituma kama video ya kawaida inabanwa, inafika na ukungu, kisha lawama anapewa mpiga picha.

Dhana: Kupandisha video nzima ya mwenzangu kwenye chaneli yangu ni kumsaidia.

Unamgawia watazamaji wake mafungu mawili. Na kama wimbo umewekwa kwenye Content ID (mfumo wa YouTube unaotambua kazi zenye hakimiliki), video yako itapigwa dai la hakimiliki, kisha uje kulalamika kwamba umeonewa. Weka kipande na linki yake, basi.

Dhana: Simu zetu zikirudia wimbo Spotify usiku kucha, namba zinapanda.

Zinapanda, kisha zinafutwa. Ni kweli usikilizaji unahesabiwa kuanzia sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haupati mrabaha (malipo ya mwenye kazi) wa rekodi. Ndiyo maana watu wanahangaika. Lakini usikilizaji wa kupikwa ukizidi, Spotify inaitoza faini kampuni ya usambazaji iliyokupandishia wimbo, nayo inaweza kukukata wewe hela hiyo au kuushusha wimbo.

Dhana: Kolabo ikitoka, wote wawili tumefaidika.

Si lazima. Wakati wa kuupandisha wimbo, jina la mwenzako likichapwa ndani ya jina la wimbo badala ya kujazwa kwenye nafasi ya msanii, wimbo hautokei kwenye ukurasa wake. Jaza pia linki ya ukurasa wake, la sivyo wimbo unaweza kuangukia kwa mtu mwingine wa jina hilohilo. Asilimia za mtunzi, mwimbaji na prodyuza ziandikwe na kusainiwa kabla wimbo haujapanda, si baada ya hela kuonekana.