Je, wajua kwanini utitiri unarudi hata baada ya kumpaka kuku dawa?

Kiangazi kikikolea Tabora, kwenye maduka ya dawa za mifugo swali ni lile lile, naomba dawa kali ya utitiri, ile ya mwezi uliopita ilikuwa feki. Kuku alipakwa unga mwili mzima mpaka chini ya mbawa, akatulia siku kadhaa, wiki mbili mbele anajikuna tena na kilemba kimepauka. Dawa feki zipo, sikatai, ila mara nyingi dawa ilikuwa nzima kabisa, tatizo ilipakwa mahali ambapo mdudu haishi.

Hapa ndo penye kosa kubwa na linastahili kusemwa taratibu. Watu wengi tunaamini wadudu wote wa kuku wanaishi kwenye kuku. Utitiri mwekundu, wale wadudu wenye miguu minane wasiofika hata milimita moja, wao kuku ni chakula tu, nyumba yao ni banda. Mchana unaweza kumpekua kuku unyoya kwa unyoya usione hata mmoja, ukasema huyu mzima, kumbe wamejazana kwenye nyufa za ukuta wa tope, chini ya magome ya fito za kulalia, kwenye maungio ya mbao na ndani ya nyasi za kiota. Giza likiingia wanatoka, wanampanda kuku aliyelala, wananyonya damu muda wa nusu saa mpaka saa moja hivi, wanashuka kurudi kwenye ufa kupumzika na kutaga mayai hukohuko.

Fikiria kunguni. Mtu akiumwa na kunguni usiku hatuendi kumwogesha yeye dawa tukasema kazi imeisha, tunatoa godoro nje juani, tunamwaga maji ya moto kwenye maungio ya kitanda, tunaziba nyufa za ukuta, kwa sababu kila mtu anajua kunguni hakai mwilini. Mtu mwenyewe hata akilala sebuleni, akirudi chumbani watamkuta tu, na chumba kikikaa bila mtu kwa muda bado wapo wanasubiri. Utitiri ni habari hiyo hiyo, tena una uvumilivu wa ajabu, sehemu zenye ubaridi umeonekana kukaa miezi kadhaa bila kula. Kwetu kwenye joto hauvumilii kiasi hicho, ila joto hilohilo linauharakisha kuzaa, maana kutoka yai mpaka mdudu mzima inaweza kuchukua kama wiki moja tu.

Sasa unganisha hilo na kuku anayeatamia. Wenzake wanashinda nje wanachakura, yeye amekaa kwenye kiota siku 21 usiku na mchana, na ndani ya siku hizo utitiri unaweza kupata vizazi viwili au hata vitatu chini ya tumbo lake. Ndo maana anaacha mayai, au anakutwa amekufa juu ya mayai, au vifaranga wanatotolewa na kuanza kunyonywa damu siku hiyohiyo. Na kuku wakianza kugoma kuingia bandani jioni wakapanda mwembe, wengi wanaona ni ukaidi, mimi naona ni taarifa, kachunguze banda. Nenda usiku na tochi, au pitisha kitambaa cheupe chini ya fito, kikitoka na michirizi ya damu basi umeshapata jibu.

Chawa wa kuku ni kesi nyingine kabisa. Huyu maisha yake yote yapo mwilini, anatafuna manyoya na ngozi, mayai kayagandisha kwenye mashina ya manyoya, kwa hiyo hapo unga wa kupaka unafanya kazi, ila dawa nyingi haziui mayai ndo maana lazima urudie baada ya siku 7 mpaka 10. Na ni kwa chawa ambapo kuku kugaragara vumbini kunasaidia kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kuwawekea kuku masanduku ya vumbi, salfa ilikaribia kuwamaliza chawa na utitiri wa aina nyingine, ile inayoishi mwilini mwa kuku, udongo mweupe wa kaolini ulipunguza lakini sanduku likiondolewa wadudu wakarudi. Majivu ya jikoni hayakuwemo, kwa hiyo tunaposema majivu yanatibu tuseme kwa kiasi, weka pamoja na udongo mkavu, usiyategemee peke yake.

Viroboto wanaoganda kuzunguka macho na kilemba, mayai yao yanaanguka chini na kukulia kwenye mchanga mkavu, na mbwa na paka wa nyumbani wanawabeba pia. Papasi wa kuku naye ni mtu wa nyufa kama utitiri, mkubwa anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila damu.

Kwa hiyo anza na banda. Toa kila kitu, choma nyasi za viota na takataka za sakafuni, menya magome ya fito, mwagia maji yanayochemka kwenye maungio, ziba nyufa kisha piga chokaa, dawa ya kupulizia ielekeze kwenye mashimo kuku wakiwa nje, kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimtumbukizie kuku kwa kukadiria, muulize afisa mifugo ipi inaruhusiwa na mayai yaliwe baada ya siku ngapi. Na kwa kuwa tupo kwenye mkoa wa tumbaku, wapo wanaoweka majani yake kwenye viota, na kweli nikotini, sumu iliyomo kwenye tumbaku, inaua wadudu, zamani Marekani walipaka nikotini kwenye fito jioni mvuke wake ukaua chawa, lakini sumu hiyo hupenya ngozi, hata wavunaji wa tumbaku mbichi inawaumiza, kwa hiyo kumwogesha kuku maji ya tumbaku hapana. Banda na kuku vishughulikiwe siku moja, rudia baada ya wiki, na kama una kuku anayetaka kuatamia fanya yote hayo kabla hujamwekea mayai.