“Naliombea”: dhana potofu kuhusu kulitenda Neno

Jumatatu iliyopita nililisikia tena. Mtu ameketi nami barazani, kosa lake analijua, anayemdai anamjua kwa jina, na kifungu kakitaja mwenyewe kabla sijafungua Biblia. Nikamwuliza, “Sasa utafanya nini?” Akanijibu kwa upole, “Mwalimu, hilo jambo naliombea.”

Nafundisha darasa la kipaimara mwaka wa kumi na tisa sasa, mwanzo Pemba, kisha hapa Unguja, na jibu hilo nimelipokea kwa wazee, kwa vijana na kwa wenye vyeo kanisani. Leo naliandikia, pamoja na visingizio vingine vinavyofanana nalo, kwa sababu limenichosha, na kwa sababu wanaoumia nalo huwa hawapo pale linapotamkwa.

“Naliombea kwanza”

Sina ugomvi na sala. Asubuhi yangu haianzi bila sala, na wanafunzi wangu nawafundisha kusali kabla ya kuwafundisha jambo jingine lolote. Ninachokigombea ni kuisimamisha sala mahali pa tendo ambalo Mungu ameshaliagiza. Mwongozo huombwa pale njia isipojulikana: niolewe na huyu au nisiolewe, nihamie Dar es Salaam au nibaki. Kulipa ujira wa watu, kurudisha ulichochukua, kumwendea ndugu uliyemkosea, haya hayana mwongozo wa kungojewa. Umeshausoma.

Nitatoa kisa kimoja, nimekigeuza kidogo ili mwenyewe asitambulike. Bwana mmoja alikodi mikarafuu Pemba. Anayeijua kazi ile anajua: mchumaji yuko juu ya mti tangu asubuhi, anashuka na mzigo wake, jioni watu wanakaa kuchambua karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, zinapimwa, na malipo yanahesabiwa kwa pishi. Msimu ukaisha, karafuu zikaanikwa, zikauzwa. Wachumaji watatu wakaambiwa wangoje. Wote watatu Waislamu, majirani zake wa siku zote. Jumapili moja likasomwa somo la Yakobo sura ya tano, pale ujira wa waliovuna mashamba, ule uliozuiwa kwa hila, unapopiga kelele. Bwana yule alilia kanisani, nilimwona. Baada ya misa akanishika mkono, akaniambia Neno limemchoma, na tangu siku ile anafunga ili Mungu amfungulie njia ya kulipa.

Miezi minne baadaye alikuwa bado anafunga. Ndani ya miezi hiyo alinunua mabati ya nyumba.

Njia gani tena ilikuwa inaombewa? Torati inasema ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24 inataka alipwe siku ileile, jua lisichwe kabla hajapata. Amri hiyo haikuacha pengo la kuingiza mfungo wa miezi minne. Naona uchungu kulisema hili, maana machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Sala humtua mtu mzigo wa moyo, akaenda nyumbani kifua chepesi, na ule wepesi akauhesabu kuwa ndiyo kazi ya Neno. Deni halikupungua hata senti. Yakobo ameshamweleza mtu wa namna hii: amejiangalia uso katika kioo, akaenda zake, mara akasahau jinsi alivyo. Na neno alilolitumia ni zito, kwamba msikiaji mtupu anajidanganya nafsi yake. Waliomzunguka hawadanganyiki. Wachumaji wale watatu hawakudanganyika hata siku moja.

Mnaopenda kuniambia kwamba hakuna sala iliyozidi, someni Kutoka 14. Bahari mbele, Farao nyuma, na Bwana anamwuliza Musa, “Mbona unanililia mimi?” kisha anamwagiza awaambie watu waendelee mbele. Someni Yoshua 7. Yoshua kaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, amejitia mavumbi kichwani, na jibu analopewa ni ainuke, kwa sababu kambini kuna mali iliyochukuliwa isivyo halali, na hiyo ndiyo ya kushughulikiwa. Someni na Balaamu, Hesabu 22. Aliambiwa usiende, ikaisha. Wajumbe waliporudi na ahadi nono zaidi, akawaambia walale ili aulize tena. Anayerudia kuuliza jambo alilokwisha kujibiwa, mara nyingi kuna kitu amekipenda na anatafuta ruhusa yake. Hata Getsemane, sala iliyo nzito kuliko zote, iliishia kwa “Ondokeni, twende zetu.”

Sisi wa visiwa hivi hatuna haki ya kulisahau hili. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873, na kanisa kuu la Kianglikana linasimama papo hapo. Waliokuwa wakitolewa kwenye majahazi ya watumwa walikuwa na watu wengi wa kuwaombea, na ni vema walikuwa nao. Lakini mtu aliyeshushwa pwani hana nguo, hana ndugu wala pa kulala, hakushiba kwa kuombewa. Misheni ya Kianglikana ilibidi inunue shamba kule Mbweni, watu wapate nyumba, viunga vya kulima na skuli ya watoto. Yakobo 2 inamtaja kwa uwazi yule anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, asimpe kitu, na inauliza: yafaa nini?

Kwa hiyo wanafunzi wangu wote wana daftari dogo, na kila Jumapili wanaandika mambo matatu kutoka kwenye somo: kitenzi, jina, siku. Kitenzi ni kile ambacho somo linaamuru: lipa, samehe, tembelea, nyamaza. Jina ni la mtu halisi, mwenye nyumba na mlango. “Wahitaji” si jina, wala “jamii” si jina. Siku isivuke Jumanne. Wapo wanaoniona mkali kwa hili la Jumanne, na sitalilegeza, kwa sababu nimeshaona linavyokwenda: lililovuka Jumanne hukutwa na Jumapili nyingine yenye somo jingine, nalo likazikwa. Ombea daftari hilo asubuhi na jioni. Omba ujasiri na maneno mazuri, omba na huyo unayemwendea awe nyumbani. Sala ya namna hiyo inatembea pamoja na miguu.

“Kusikia ni hatua ya kwanza, kutenda ni ya waliokomaa”

Mama wa Kiunguja akisema “mtoto huyu hasikii,” hakuna anayempeleka mtoto hospitali kupimwa masikio. Sote tunajua kaambiwa asiende kuogelea naye kaenda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na aliyevunjika guu maneno yalimfika vizuri tu. Kiebrania kina mwendo uleule: neno *shama* hubeba kusikia na kutii kwa pamoja, ndiyo maana “Sikiza, Ee Israeli” ya Kumbukumbu la Torati 6 inafuatwa papo hapo na mambo ya kufanya, kupenda, kufundisha watoto, kuandika kwenye miimo ya mlango. Lugha yetu wenyewe imeshatupa fasiri ambayo wengine wanaitafuta kwenye kamusi. Tukiingia kanisani tunaiacha mlangoni, tunaanza kuhesabu kusikia kama kazi ya masikio peke yake.

“Paulo alisema imani, Yakobo akasema matendo, kwa hiyo mimi namfuata Paulo”

Huyu Paulo anayefuatwa hajasomwa. Warumi 2:13 ni ya Paulo, na inasema wenye haki mbele za Mungu ni waitendao sheria, si waisikiao. Waefeso 2 ina mstari wa 8 na 9 ambao kila mtu anaujua kwa moyo, kisha upo wa 10, kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Endelea mstari mmoja mbele, ndugu yangu, mmoja tu. Martin Luther mwaka 1522 aliudharau waraka wa Yakobo, akaufananisha na majani makavu. Lakini mwaka huohuo, katika dibaji yake ya Warumi, aliandika kwamba imani ni kitu hai chenye shughuli, kisichoweza kukaa bila kutenda mema. Tendo halimnunulii mtu wokovu. Linaonyesha kwamba alichokiamini kiko hai.

“Mimi natenda, niko kwaya”

Kwaya ni njema, na kufagia kanisa ni kwema, na zaka ni ya Mungu. Ila soma Mathayo 5:23-24: uko madhabahuni na sadaka mkononi, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako. Unaambiwa uiache sadaka palepale, uende. Huduma ya ndani ya kanisa imeahirishwa na Yesu mwenyewe.

“Huku sisi ni wachache, mazingira hayaruhusu”

Hili nalisikia sana kwa waliotoka bara kuja kufanya kazi hotelini au bandarini. Wanafikiri kutenda Neno maana yake ni kuhubiri njiani, na kwa kuwa hawahubiri njiani, basi wamesamehewa yote. Hebu nionyesheni mazingira ya Zanzibar yanayokataza kurudisha chenji iliyozidi dukani, au kumtazama mgonjwa wa jirani, au kutomsengenya mpangaji mwenzio. Hakuna. Tena Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alimsimamisha Msamaria, mtu wa ibada nyingine, akawa ndiye mfano. Jirani yako wa Kiislamu huenda hatafungua Biblia maisha yake yote, lakini daftari la deni lako dukani kwake analifungua kila wiki. Kalilipe.

“Nisome kwanza Biblia yote niielewe”

Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja tunayo tangu 1891, na tafsiri ya Union, ya Kiswahili sanifu, tangu 1952. Zakayo hakuwa nayo. Aliketi na Yesu mlo mmoja, akasimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyenyang’anywa kwa hila arudishiwe mara nne. Torati kwa aliyedhulumu na kukiri ilidai kile alichochukua na sehemu ya tano juu yake (Mambo ya Walawi 6). Mtoza ushuru yule alipita kiwango, bila kungoja kumaliza manabii.

“Nikitenda bila moyo kuridhia, ni unafiki”

Mathayo 21 ina wana wawili. Mmoja aliambiwa akafanye kazi katika shamba la mizabibu, akajibu “Naenda, Bwana,” asiende. Mwingine alijibu “Sitaki,” kwa kinywa kipana, baadaye akaghairi akaenda. Yesu anauliza ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba, na wasikilizaji wenyewe wanajibu. Yule wa pili hakungoja aanze kupenda kilimo.

Bwana wa karafuu nilimwambia hivyohivyo. Nilimwambia afungue kinywa ale, kisha achukue fedha aende, na kwa kuwa amechelewesha, aongeze ile sehemu ya tano. Hakufurahi. Tulikwenda wote, yeye mbele mimi nyuma, uso ameukunja njia nzima, na kwa mchumaji wa kwanza hakuweza kusema zaidi ya “nimechelewa, nisamehe.” Mchumaji alizihesabu zile fedha mara mbili, akamrudishia kiasi, akasema, “Bwana, zimezidi.”

“Hazikuzidi,” akamwambia. “Zote zako.”