Kimondo kina sauti?

Usiku wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, anga la Dodoma huwa safi kiasi cha kukihesabu kilimia nyota moja moja. Ukikaa uani kwetu Chamwino saa nane usiku, hukosi kimondo: mstari wa mwanga, mara umezimika. Marehemu babu alikuwa akisema amewahi kukisikia kimoja kikipita, chwaaa, kama kitunguu kikitumbukizwa kwenye mafuta. Tulimcheka. Leo najuta.

Kimondo ni kipande cha jiwe au chuma kinachoingia kwenye hewa ya dunia kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde. Vingi havizidi punje ya mtama, na huteketea vikiwa kilomita 80 au zaidi juu yetu. Hivyo havisikiki kabisa.

Kikubwa hushuka zaidi na kutoa mshindo, ila mshindo huo huchelewa, kama ngurumo inavyochelewa nyuma ya umeme: karibu sekunde 3 kwa kila kilomita. Tarehe 15 Februari 2013, huko Chelyabinsk, Urusi, jiwe la kama mita 20 lilipasuka kilomita 30 hivi juu. Watu walikimbilia madirishani kutazama mwanga, kisha mshindo ukafika na kuvunja vioo. Zaidi ya elfu moja waliumia. Ukiona mwanga wa namna hiyo, tafadhali kaa mbali na dirisha.

Lakini chwaaa ya babu haikuchelewa. Ilikwenda pamoja na mwanga. Mwaka 1719 mtaalamu wa nyota Edmond Halley alipata habari kama hizo Uingereza, akaona ni mawazo ya watu tu. Maelezo ninayoyaona yana nguvu yalitolewa na watafiti wa Marekani mwaka 2017. Kimondo kinachong'aa kuliko mwezi mpevu hupepesa mwanga wake upesi mno. Mwanga huo ukipiga kitu chepesi au cheusi, kama majani makavu, nywele au nguo, kitu hicho hupata joto na kupoa kwa mapigo yaleyale. Hewa inayokigusa hutanuka na kusinyaa, na hiyo ndiyo sauti.

Babu alisisitiza jambo moja ambalo hatukulitilia maanani: sauti haikutoka juu. Ilitoka kwenye mabua ya mtama yaliyolundikwa kando ya zizi, hatua mbili tu kutoka aliposimama.